Njaa Tatu za Kozi: Uwindaji wa Ndege Mbuai katika Fasihi ya Waswahili na Mazingira ya Visiwa vya Wabajuni na Mwambao wa Kismayu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna uwindaji wa kozi ulivyosawiriwa katika fasihi ya Waswahili wa kaskazini, eneo ambalo Visiwa vya Wabajuni na mwambao wa Kismayu ni sehemu yake. Usawiri huo unalinganishwa na ule wa fasihi ya Kiarabu na Kiajemi, kisha unapimwa kwa maarifa ya elimu ya ndege. Hoja kuu ni kwamba tofauti baina ya mapokeo haya huonekana wazi zaidi katika suala la njaa ya ndege kuliko katika sifa za kasi au ushujaa wake. Kozi wa mkononi hutiwa njaa na bwana wake. Kozi wa methali ya Kiswahili huichagua njaa mwenyewe. Kozi wa mazingira halisi hupatwa na njaa kwa sababu ya safari, upepo na mvua. Makala yanaonesha kuwa kuchanganya njaa hizi tatu, pamoja na kuchanganya majina ya ndege wenyewe, kunaathiri tafsiri, uhifadhi na utungaji wa sera katika ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Koyama, Chovai na Chula, vimejipanga sambamba na pwani ya kusini mwa Somalia kuanzia jirani na Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya. Ni visiwa vya matumbawe, vyembamba na vya kimo kifupi, ambavyo wakazi wake wameishi kwa uvuvi, ubaharia na kilimo cha upande wa bara. Lugha yao, Kibajuni au Kitikuu, ni miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Mwanaanthropolojia Mwitaliano Vinigi Grottanelli aliwaandikia Wabajuni kitabu kizima kilichotoka mwaka 1955, na mwanaisimu Derek Nurse alikusanya kwa miaka mingi data ya lahaja yao. Hata hivyo, vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya wengi wao hadi Lamu, Mombasa na Ulaya.

Kutawanyika huko kunaipa mada hii uzito wake. Maarifa ya ndege katika jamii za pwani yalihifadhiwa katika majina, methali, nyimbo na simulizi, wala hayakuandikwa katika orodha. Jina la ndege linapotoka kinywani mwa wazee bila kupokewa na vijana, hutoweka pamoja na kila kilichojulikana kuhusu ndege huyo: anakuja lini, anawinda nini, na je, ni adui wa kuku au si adui. Ndiyo maana uchambuzi wa kozi katika fasihi hauwezi kuishia kwenye tamathali za semi peke yake.

2.0 Majina na tabia: kozi, kipanga, mwewe na kipungu

Kiswahili kina majina kadhaa ya ndege mbuai wa mchana, na kamusi hazikubaliani juu ya mipaka yake. Kozi na kipanga hubadilishana nafasi kutoka kamusi moja hadi nyingine. Kipungu huelezwa mara kuwa tai mdogo, mara kuwa ndege mbuai asiyetajwa vyema. Mwewe ndiye mwenye sura thabiti zaidi, kwa kuwa ndiye anayejulikana uani. Matumizi ya siku hizi yameongeza utata: nchini Tanzania, kipanga ni pia mwanafunzi mwenye akili nyingi, maana ambayo huenda imetokana na wepesi wa ndege huyo.

Utata huo hupungua msomaji anapozingatia namna ya kuwinda badala ya rangi au ukubwa. Mwewe hushuka karibu na watu, hunyakua kifaranga, samaki au mabaki ya chakula, na mara nyingi hupokonya kilichokwisha kupatikana na mwingine. Ndege wa jamii ya kipanga, kwa maana finyu inayotumiwa na wataalamu wengi, huvizia mitini na kuchomoka ghafla. Huua kwa kubana kwa makucha. Kozi huwinda mahali pa wazi, na spishi kadhaa hukamata mawindo yakiwa yanaruka. Hupiga au kushika kwa miguu, kisha humaliza kwa kuuma shingo, kwani ukingo wa mdomo wake wa juu una ncha iliyochongoka kama jino. Kozi anayeitwa kitaalamu Falco peregrinus hupanda juu, hukunja mbawa na kuchupa kwa mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa.

Elimu ya ndege yenyewe imerekebisha uainishaji wake. Kwa muda mrefu kozi walihesabiwa kuwa ndugu wa karibu wa mwewe na tai. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba kozi wako karibu zaidi na kasuku na ndege wadogo waimbao kuliko mwewe. Ufanano wao na mwewe umetokana na kazi moja ya kuwinda, si undugu wa damu. Kwa hiyo, lugha iliyompa kozi jina lake pekee haikukosea. Kinachokosewa ni matumizi yanayowakusanya ndege wote wawindaji chini ya jina la mwewe.

3.0 Njaa ya kulazimishwa: kozi wa mkononi

Fasihi ya Kiarabu ina utanzu mzima wa mashairi ya mawindo, uitwao tardiyya, ambao Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa zama za Bani Abbasi, alikuwa miongoni mwa mabingwa wake. Katika karne ya 12, Usama bin Munqidh wa Shaizar, Shamu, aliacha kumbukumbu zenye maelezo marefu ya ndege wa mawindo waliofugwa nyumbani kwao. Katika ushairi wa Kiajemi, Farid al-Din Attar anamwonesha kozi akikataa kufunga safari ya kiroho pamoja na ndege wenzake kwa sababu ameridhika na heshima ya kukaa katika mkono wa mfalme.

Katika matini hizi kozi ni mali. Ana bwana, ana kofia ya ngozi ya kumfumba macho na kamba za miguuni. Ufundi unaomfungamanisha na bwana wake ni njaa. Mfugaji hupima uzito wa ndege wake kwa uangalifu: aliyeshiba hawindi wala harudi akiitwa, na aliyekondeshwa kupita kiasi hana nguvu ya kuruka. Njaa inayotakiwa ni ya kipimo, nayo hupangwa na mwanadamu. Utii unaosifiwa katika mashairi unategemea mizani.

Hadithi inayouonesha uhusiano huo kwa uchungu zaidi imo katika baadhi ya matoleo ya Alfu Lela Ulela, ndani ya kisa cha mfalme Yunani na tabibu Dubani. Mfalme aliye mawindoni anashikwa na kiu, anakinga kikombe, na kozi wake anakipindua mara kwa mara. Mfalme anaghadhibika na kumkata mbawa, kisha anatambua kwamba kilichokuwa kikidondoka kikombeni ni sumu ya nyoka. Msiba unatokana na dhana kwamba ndege wa mkononi hana haki ya kuwa na nia yake mwenyewe. Anapofanya tendo asiloamriwa, tendo hilo husomwa kuwa uasi, hata likiwa ni la kumwokoa bwana.

Mapokeo hayo hayakuwa mageni kwa Waswahili. Wasomi wa pwani walisoma Kiarabu, na fiqhi ya Kishafi ina sura ya mawindo inayoeleza masharti ya kula kilichokamatwa na mnyama au ndege aliyefundishwa, hukumu ambayo msingi wake umo katika Sura ya al-Maida. Pamoja na hayo, ufugaji wa kozi haukuwa desturi ya jamii za Wabajuni. Kozi alijulikana kwao kwa njia mbili: kupitia vitabu, na kwa kumtazama angani. Kilichoingia katika methali ni kile cha kutazama.

4.0 Njaa ya hiari: kozi wa methali

Methali ya Kiswahili isemayo "Kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda" hufasiriwa kwa kawaida hivi: kozi ni mwindaji hodari, basi akilala na njaa, amependa mwenyewe. Hutumiwa kwa mtu mwenye uwezo anayejizuia, au anayekataa kufanya jambo lililo chini ya hadhi yake ili apate tumbo kujaa. Kwa upande mwingine huweza kutumiwa kwa kejeli, kumwambia mwenye ujuzi aliyekosa riziki kwamba lawama ni yake.

Ikisomwa baada ya mapokeo ya tardiyya, methali hii huonekana kuwa kinyume chake kamili. Huko, njaa hutoka kwa bwana. Hapa, hutoka kwa ndege. Huko, njaa ni chombo cha kutawalia. Hapa, ni ushahidi wa uhuru. Neno "kupenda" ndilo lenye uzito wote. Kozi wa methali hana bwana wala kipimo, na utukufu wake haumo katika idadi ya mawindo bali katika mamlaka yake juu ya tumbo lake.

Tofauti hii inalandana na nafasi ya mtazamaji. Mshairi wa ikulu alimwona kozi kutoka upande wa mkono ulioshika kamba. Mvuvi wa Koyama au Chula humwona kutoka chini, akiwa ndani ya mashua au ufukoni, na hana namna ya kumwamuru. Anachoona mara nyingi ni ndege aliyetua juu ya mwamba au mti mkavu kwa saa nyingi bila kufanya lolote. Utulivu huo ndio unaoelekea kuwa umefasiriwa kama kujizuia.

Ndege mbuai wana nafasi nyingine katika utendi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa kilicho kusini mwa Visiwa vya Wabajuni. Anapozieleza nyumba za matajiri zilizobaki mahame, mtunzi anawaweka makinda ya vipungu na makinda ya njiwa ndani ya kuta zilezile. Mbuai na windo wamekuwa majirani kwa sababu mwenye nyumba hayupo. Hapa uwindaji umesimama: ndege haoneshwi akiua, na kutua kwake peke yake kunatosha kuwa hukumu. Taswira hiyo ina mwangwi kaskazini zaidi, kwani misikiti na makaburi ya kale yaliyo magofu kando ya mwambao wa kusini wa Somalia yalichunguzwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960, na baada ya mwaka 1991 makazi mengine ya visiwani yalipoteza watu wake. Ndege wametua tena pasipo wenyeji.

5.0 Mwindaji aliyefungwa kamba: chazo badala ya kozi

Kukosekana kwa ufugaji wa kozi kusichukuliwe kuwa ni kukosekana kwa fikra ya kuwinda kwa kutumia kiumbe mwingine. Wavuvi wa pwani hii, Wabajuni wakiwemo, walijulikana kwa kukamata kasa kwa kutumia chazo, samaki mwenye kinyonyeo juu ya kichwa. Chazo hufungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa. Hujinatisha kwenye gamba, na mvuvi huvuta kamba polepole hadi windo linapofika karibu. Miongoni mwa waliowindwa ni ng'amba, ambaye mdomo wake uliopinda unafanana na wa kozi, na ambaye gamba lake lilikuwa bidhaa ya thamani katika biashara ya Bahari ya Hindi.

Mbinu hii ina sehemu zote za uwindaji wa kozi: kiumbe mwenye uwezo ambao mwanadamu hana, kamba, wakati wa kumwachia na wakati wa kumrudisha. Tofauti kubwa ni kwamba chazo hahitaji kutiwa njaa. Hutumiwa kwa silika yake ya kujinatisha, si kwa shauku ya chakula. Kwa jamii yenye mwindaji wa namna hii baharini, kozi hakuwa na sababu ya kuteremshwa kutoka angani. Aliachwa huru, na kwa hiyo aliweza kuwa mfano wa hiari. Watafiti wa kimai, nyimbo za mabaharia na wavuvi, na wa vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni, watanufaika wakiuchunguza mgawanyo huu wa majukumu baina ya mwindaji wa maji na mwindaji wa anga.

6.0 Njaa ya msimu: kozi wa mazingira halisi

Elimu ya ndege haiithibitishi methali kwa maana yake ya juujuu. Kozi hukosa mawindo mara nyingi zaidi kuliko anavyopata. Hata Falco peregrinus, kwa kasi yake yote, hushindwa katika sehemu kubwa ya mashambulizi yake. Kukaa kimya juu ya mwamba ni kuhifadhi nguvu na kungojea nafasi. Njaa yake, kwa kawaida, haikuchaguliwa.

Kwenye mwambao wa Kismayu jambo hili linaonekana zaidi kwa sababu kozi wengi wa hapo ni wasafiri. Kozi mwenye rangi ya masizi, Falco concolor, huzaliana visiwani na majangwani kuanzia eneo la Bahari ya Shamu hadi Oman. Huchelewesha kuzaa hadi mwishoni mwa kiangazi cha kaskazini ili makinda yake yalishwe ndege wadogo wanaohama wakati huo, kisha huelekea kusini, wengi wao wakiishia Madagaska. Kozi wa Eleonora, anayezaliana visiwa vya Mediterania kwa mpango huohuo, naye huvuka Afrika kwenda Madagaska.

Safari ya kushangaza zaidi ni ya kozi wa Amur, Falco amurensis. Ndege huyu mdogo huzaliana mashariki mwa Asia, hukusanyika kaskazini mashariki mwa India, kisha huvuka bahari kutoka India hadi Pembe ya Afrika, mwendo wa takriban kilomita 3,000 bila mahali pa kutua, kabla ya kuendelea hadi kusini mwa Afrika. Mwezi Novemba 2013, ndege watatu waliofungwa visambazaji vya setilaiti huko Nagaland waliithibitisha njia hiyo. Huvuka wakati pepo za kaskazi zinapoanza, zilezile zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kereng'ende wahamaji nao huvuka bahari hiyo kwa msimu huohuo, na inadhaniwa kuwa huwa chakula cha kozi njiani. Wakifika Afrika, mvua za vuli huwa zimewatoa kumbikumbi, nao huwala kwa wingi.

Kwa hiyo, kozi anayeonekana ametulia ufukoni mwezi wa Desemba anaweza kuwa ni ndege aliyemaliza akiba ya mafuta mwilini baada ya kuvuka bahari. Uhai wake unategemea mambo matatu: mvua kunyesha kwa wakati, wadudu kuwepo bila kuuliwa kwa sumu, na vitwitwi na ndege wengine wa pwani kuendelea kupata chakula katika mikoko na kwenye matope yanayoachwa wazi na maji kupwa. Ikikosekana mojawapo, ujuzi wake wa kuwinda haumsaidii sana.

7.0 Athari kwa sera

Uchambuzi huu una matokeo matatu ya kivitendo. La kwanza linahusu majina. Somalia ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Desemba 2023 na kuwa mwanachama kamili tarehe 4 Machi 2024. Kwa kuwa Kiswahili kilipitishwa mwaka 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, nyaraka za mazingira zitazidi kutafsiriwa. Waraka utakaomtafsiri kozi kuwa mwewe utamweka msafiri anayekula kumbikumbi katika fungu la mwizi wa vifaranga, na mwanakijiji atakuwa na sababu ya kumwua. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina nafasi ya kusanifisha istilahi za ndege mbuai kwa kigezo cha tabia ya kuwinda, na kuyasajili majina ya Kibajuni sambamba na ya Kiswahili sanifu kabla ya wazee wanaoyajua kutoweka.

La pili linahusu biashara. Mahitaji ya ndege wa mawindo katika nchi za Ghuba ni makubwa, na utamaduni wa kuwinda kwa kozi uliandikishwa na UNESCO mwaka 2010 kuwa urithi usioshikika wa binadamu. Uandikishaji huo unaheshimu mapokeo ya njaa ya kwanza. Hauhalalishi kuwanasa ndege wa porini. Falco peregrinus yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na Falco concolor anatambuliwa kimataifa kuwa spishi iliyo hatarini. Maofisa wa bandari wanahitaji mwongozo wa Kiswahili unaotenganisha kozi na kozi.

La tatu linahusu njia ya kuwashirikisha wenyeji. Mwaka 2012 makumi ya maelfu ya kozi wa Amur waliuawa katika kijiji cha Pangti, Nagaland, wakati wa mkusanyiko wao. Mwaka uliofuata mauaji hayo yalikomeshwa baada ya mabaraza ya vijiji, makanisa, serikali na wanaharakati kukubaliana. Ndege waliosalimika Pangti ndio wanaotua upande wa Pembe ya Afrika wiki chache baadaye. Makubaliano ya mwambao wa Kismayu yangekuwa nusu ya pili ya makubaliano hayo, nayo yangeweza kuanzia kwenye methali ambayo tayari inampa kozi heshima.

8.0 Hitimisho

Fasihi ya kozi wa mkononi ilieleza kwa usahihi njaa inayopangwa na mwanadamu. Methali ya Kiswahili ilimwona ndege asiye na bwana na kuiita njaa yake hiari. Elimu ya ndege imeongeza njaa ya tatu, isiyopangwa na bwana wala kuchaguliwa na ndege. Njaa hii ya tatu haiifuti methali. Methali ilihusu binadamu na kujizuia kwao, na kwa maana hiyo inaweza kusomwa upya: katika mwambao ambako ndege hufika wakiwa wamechoka, anayepaswa kujizuia ni yule mwenye uwezo wa kunasa, kukata mikoko au kumwaga sumu, naye akaacha kwa kupenda.